Mikokoteni Sitini na Tatu na Gemu Moja

"Rusha."

"Sirushi."

"Mjomba, rusha hilo sanduku tuondoke hapa, watu wanasubiri kompyuta."

"Mzigo wa mtu haurushwi, Gudi. Nani kakufundisha kurusha mzigo wa mtu? Mimi sikukufundisha hivyo."

"Si mzigo wa mtu! Ni picha! Ni gemu!"

"Ndani ya sanduku mna nini?"

"Hamna kitu."

"Sanduku halina kitu, halafu mnataka livuke ukuta. Linaenda kufanya nini huko? Si mliache hapo lilipo?"

"Mjomba, ndiyo mtihani wenyewe. Sanduku liko kushoto, katikati ukuta, kulia kapu. Umepewa ubao, gurudumu na jiwe. Ubao unaulaza juu ya gurudumu, sanduku unaliweka huku mwisho kabisa, jiwe linaangukia mwisho wa pili. Sanduku linaruka, linaingia kapuni. Unapewa cheti, unachukua mkokoteni wako, unaenda zako."

"Na kama mna vikombe?"

"Hamna vikombe!"

"Umefungua ukaona?"

Nikatazama saa. Sikushindwa. Kanuni zetu zinasema mtumishi asibishane na mdau zaidi ya dakika tano kwa hoja moja, na dakika zilishaisha.

Anayekataa kurusha ni Mzee Pantaleo, mjomba wangu, tumbo moja na mama, kaja Kariakoo kutoka Masasi akaanza kusukuma mkokoteni mimi sijazaliwa. Ninayemwambia arushe ni mimi, Goodluck, Msimamizi wa Chumba cha Kompyuta, Kitengo cha Mashine Rahisi na Usukumaji Endelevu. Kwa kifupi, KIMARUE. Nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kwenye picha nimevaa tai ya kuazima, lakini huwezi kujua.

Sasa nawatangazia rasmi, maana mtaani maneno yamekuwa mengi. Tangu dunia iumbwe watu wamekuwa wakisukuma vitu bila utaratibu wowote. Mtu anaona kitu, anasukuma. Hali hiyo imekoma. Kusukuma kumepata ofisi.

KIMARUE iko chini ya idara, idara iko chini ya ofisi, na ofisi bado inatafutiwa jengo. Sisi wa chini tulitangulia kupata jengo, Gerezani, juu ya duka la springi za magari. Kaulimbiu yetu: Sukuma Kisayansi, Fika Kitaalamu. Imeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu, na fundi aliishiwa rangi kwenye Kitaalamu, kwa hiyo kwa sasa inasomeka Fika Kita. Tumeshaandika barua.

Kitengo kilizaliwa baada ya utafiti wa kina. Siku moja gari la Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Anaeli, lilikwama Mtaa wa Uhuru nyuma ya mkokoteni uliobeba makochi. Lilikwama saa nzima. Siti ya nyuma alikaa binti yake, Stella, wa darasa la tatu, anacheza gemu kwenye tableti. Gemu lenyewe hata halipakuliwi, unaingia mtandaoni unalikuta, unaanza. Unapewa mbao, magurudumu, kamba, mawe, unaunda mashine ya kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale, unabonyeza Anza, unaona kama inafanya kazi au inaporomoka. Mkurugenzi akatazama makochi. Akatazama tableti. Akatazama makochi tena. Utafiti ukaishia hapo.

Mwezi uliofuata kanuni zikatoka. Kanuni ya nne: mtu yeyote asiye na cheti asiguse mkokoteni wala mzigo ulio juu ya mkokoteni. Cheti kinatolewa kwa atakayemaliza hatua ya saba ya gemu. Kanuni ya tisa: msukumaji ajifunge mkanda kiunoni na kuufungia kwenye mkokoteni, ili kuzuia utengano usio wa lazima kati ya msukumaji na mzigo. Kanuni ya kumi na moja: msimamizi haruhusiwi kugusa mzigo, maana anasimamia.

Hiyo ya kumi na moja ndiyo iliyonifanya niombe kazi.

Maana na mimi nilikuwa msukumaji. Shule niliachana nayo Form Two, kukaa kitako kulinishinda, mjomba akanipokea, akanilaza kwake, akanifundisha kazi. Kazi yenyewe ngumu kinoma. Mkurugenzi alipokuja kutafuta kijana anayejua gemu, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Wiki ya kwanza nikaenda Kariakoo na askari wa mgambo tukakamata mikokoteni sitini na tatu, tukaifungia kwenye uwanja wa Gerezani, karibu na reli. Wa kwanza kukamatwa ulikuwa wa mjomba. Nilitaka watu waone kwamba sheria haina undugu. Waliona. Mpaka leo mama ntilie pale kwenye kona ananipimia wali kwa kijiko cha chai.

"Gudi, mwanangu," mjomba aliniambia siku ile, anautazama mkokoteni wake unavutwa na watu wasiojua kuvuta. "Huo una ekseli mbovu upande wa kushoto. Waambie wasikate nao kona ghafla."

"Mdau, ofisi imepokea maoni yako," nikamwambia.

Waraka ulisema hivi: atakayekuwa hajapata cheti mpaka Ijumaa ya uzinduzi, mkokoteni wake utarejeshwa kwenye hali ya malighafi. Maana yake mafundi wa Gerezani wataukatakata, vyuma wachukue wao, mbao zikapikie chai ya ofisi. Mjomba hana shamba, hana duka, hana mtoto wa kumtumia hela. Ana ule mkokoteni.

Mpaka Alhamisi, waliofaulu walikuwa asilimia sifuri. Ni takwimu safi, haina desimali.

Kusema kweli ilikuwepo siku moja tuliyofika moja. Jumanne, Talha, dogo mmoja mwepesi sana kwenye kompyuta, alifika hatua ya saba, akapanga ubao, akaangusha jiwe, sanduku likaruka ukuta, likatua kapuni tii. Kompyuta ikapiga makofi. Nikampa mkono, nikamwandikia cheti namba moja.

Tatizo mlangoni alisimama Bi Hind.

Bi Hind ana duka la vitenge la jumla, Mtaa wa Sikukuu, kalirithi kwa baba yake naye kalirithi kwa baba yake aliyekuja na meli kutoka Hadhramauti. Marobota yake kumi yalikuwa yamekaa barazani wiki mbili, hakuna wa kuyahamishia stoo. Akawa anakuja kila siku kuangalia nani amefaulu amchukue.

"Kafanya nini huyo?" akauliza.

"Kafaulu, Bi Hind. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeuliza kafanya nini. Nimeona kitu kinaruka."

"Karusha sanduku kupita ukuta."

Bi Hind akamtazama Talha kuanzia kwenye ndala mpaka kichwani.

"La nani?"

"Si la mtu, Bi Hind, ni..."

"Talha, mwanangu, wewe mama yako namjua. Leo unarusha sanduku la mtu, kesho utarusha robota langu."

Akashuka ngazi. Kufikia adhuhuri Kariakoo nzima inajua: Talha anarusha mizigo ya watu. Wa vyombo wakasikia, wa vioo wakasikia, na mama mmoja wa mayai kule soko la Shimoni alikaa chini kabisa aliposikia. Talha akazunguka na cheti chake mtaa kwa mtaa, hakupewa hata mfuko wa vitunguu. Kariakoo msukumaji anasamehewa kuchelewa, anasamehewa matusi, lakini akirusha mzigo mara moja tu jina lake linakufa. Jumatano asubuhi dogo akarudi ofisini, akaweka cheti mezani.

"Kaka, kifute. Na kwenye kompyuta ufute. Na kama kuna sehemu ya kuandika, andika nilikuwa naumwa."

Tukarudi sifuri.

Baada ya hapo hakuna aliyekubali kurusha. Wanafika hatua ya saba vizuri tu, wanaangalia sanduku, wanaangalia mlangoni kama kuna mtu, wanakunja mikono. Nurdin, ambaye mdomo wake una kazi zaidi ya miguu, alitaka kujua kama ule ukuta una mwenyewe, tukamwombe atupishe. Mjomba ndiye aliyejaribu kuliko wote. Mara arobaini na moja. Alijaribu kulizungusha sanduku nyuma ya ukuta, gemu halina nyuma. Akajaribu kulipandisha taratibu kwa ubao kama ngazi, ubao mfupi. Na kila akishapanga, kabla hajabonyeza Anza, ananyoosha vidole viwili kwenye kioo cha kompyuta, anainua.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Napima."

Wasiojua kazi watacheka. Mkokoteni una ekseli moja katikati. Ukipakia, unashika mikono yake kwa vidole viwili, unainua kidogo. Ikiwa mizito, mzigo umelemea mbele, utakuua kiuno. Ikiwa inapanda yenyewe, mzigo umelemea nyuma, utakuua vingine. Unasogeza gunia shubiri moja, unapima tena. Ikikaa vidoleni kama kikombe cha kahawa, unaondoka. Mjomba hajawahi kuondoka bila kupima.

"Kioo hakina uzito, mjomba."

"Basi na mashine yenu haina uzito."

Hayo yaliandikwa kwenye daftari la maoni.

Alhamisi jioni, baada ya lile zogo la vikombe nililoanza nalo, alisukuma kibodi pembeni.

"Kesho mnaukata?" akauliza.

"Waraka ndiyo unavyosema."

"Waambie fundi asianze na mikono. Mikono nimebadilisha juzi tu, mninga ule, kuna mtu itamfaa."

Nilimwambia ofisi imepokea maoni yake. Kisha nikafuta kioo cha kompyuta mara mbili. Vumbi, Gerezani kuna vumbi.

Ijumaa, Mnazi Mmoja. Maturubai, spika, viti vyeupe vya plastiki, na maji ya chupa kwa meza kuu tu. Mgeni rasmi hakuja, alituma salamu, na salamu zikapewa kiti cha mbele kikabaki wazi. Wasukumaji wote sitini na watatu waliletwa kama wadau waliofeli, wakakalishwa mkono wa kulia. Wenye maduka mkono wa kushoto, Bi Hind katikati yao na mwavuli wake. Nyuma ya jukwaa limening'inizwa bango kubwa: picha ya hatua ya saba. Ubao juu ya gurudumu, sanduku mwisho kabisa.

Mheshimiwa Anaeli alishuka kwenye gari amevaa suti ya buluu na maiki ndogo ile ya kubana kwenye koti, ili mikono iwe huru. Alikuwa na furaha. Nyota zake za gemu zilishasomwa na mshereheshaji: Mkurugenzi mwenyewe amemaliza gemu, hatua zote ishirini, nyota sitini kwa sitini, ndiye mwenye cheti pekee nchini.

"Ndugu wadau," akaanza. "Mmeambiwa sayansi hii haiwezekani. Leo nitasukuma mimi mwenyewe."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu hilo kweli walitaka kuliona.

Mkokoteni wa maonesho ukaletwa. Mpya, rangi kijani na nyeupe, umeundwa kufuata mchoro wa kwenye gemu. Mzigo: marobota kumi ya Bi Hind, aliyoyatoa baada ya kuahidiwa yatafikishwa stoo kitaalamu.

"Mzigo ukae kama kwenye bango," Mkurugenzi akaelekeza. "Mwisho. Mwisho kabisa."

Mgambo wakapakia. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimamia, lakini mbele pakaanza kupanda, ikabidi mgambo wanne na Abdulkadiri, dereva wa Mkurugenzi, waning'inie kwenye mikono ya mkokoteni kuikandamiza chini. Marobota yakafungwa kamba ya katani, mafundo sita. Yasingetoka hata kwa tetemeko.

Mjomba alikuwa safu ya kwanza, nambari ya udau kumi na saba. Nikamsikia.

"Gudi. Umelemea nyuma."

"Mjomba, kaa."

"Nimekaa. Mwambie apime. Vidole viwili tu."

Nikamsogelea Mkurugenzi sikioni. "Mheshimiwa, kuna mdau anashauri upime kwanza."

"Ana cheti?"

"Hana."

"Basi hana ushauri."

Ni jibu lenye mantiki. Nikarudi mahali pangu.

Mkurugenzi akaingia katikati ya mikono, akajifunga mkanda wa kanuni ya tisa kiunoni, akaufungia kwenye ule mti wa mbele unaounganisha mikono, klipu mbili, akavuta kuhakikisha. Akatabasamu kwa kamera.

"Kusukuma," akasema, na spika zote nane zikasema naye, "ni akili, si nguvu. Niachieni."

Mgambo wakaachia.

Kilichotokea kilitokea kwa mujibu wa sayansi. Nyuma ya mkokoteni ilishuka ikagonga chini, puu. Mbele ilipanda. Na Mkurugenzi, kwa kuwa hapakuwa na utengano usio wa lazima kati yake na mkokoteni, akapanda nao. Akaenda juu hivi hivi tunamwona, suti na yote, mpaka soli za viatu vyake zikawa usawa wa kifua changu, akasimama hapo hewani, anabembea.

Watu wote wakainua vichwa. Hata wauza karanga.

"Kama mnavyoona," spika zikasema, "mashine inafanya kazi."

Mshereheshaji akapiga makofi. Akagundua yuko peke yake, akaacha polepole ili ionekane alipanga.

"Abdulkadiri," spika zikanong'ona. "Nishushe. Kimyakimya."

Abdulkadiri akakimbia, akashika mguu, akavuta. Kikatoka kiatu, ndani soksi iliyotoboka ambayo sikutaka kuitaja. Akashika mguu wa pili, akavuta, Mkurugenzi akapiga ukelele, na ukelele ukaenda mpaka Kariakoo kwa msaada wa spika. Marobota hayakutikisika. Vitenge vya Bi Hind si mchezo.

"Zimeni hiyo maiki," akasema.

Fundi wa sauti akajibu kwa mbali kuwa swichi iko kwenye koti lake mwenyewe, mfuko wa ndani. Mikono ya Mkurugenzi ilikuwa imeshikilia mti. Hakuwa na mpango wa kuiachia.

"Mheshimiwa," nikamwita. "Umemaliza hatua ishirini. Utatumia mbinu gani kushuka? Tunasubiri maelekezo."

"Mpigieni Stella."

"Stella gani, Mheshimiwa?"

"Mwanangu."

"Yupo shule saa hizi."

"Basi mpigieni mwalimu amwite! Yeye ndiye aliye..." Hapo akakumbuka maiki. Lakini neno likitoka kwenye spika nane halirudi.

Nurdin akasimama kwenye kiti. "Oyaaa! Kumbe cheti cha mtoto!"

"Hatua ishirini zote?" Bi Hind akauliza, kwa upole kabisa. "Hata moja baba hukucheza?"

"Ya kwanza," spika zikasema. "Niliisaidia."

Hapo Mnazi Mmoja ikacheka. Watu waliokuwa wanapita zao kwenda mjini wakasimama. Wanawake wa vitumbua wakaweka beseni chini. Mgambo wakageuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Mimi sikucheka, maana nilikuwa kazini. Niliuma kitambulisho.

"Wasukumaji!" Mkurugenzi akaita. "Ninyi! Njooni mnishushe!"

Hakuinuka mtu. Watu sitini na watatu walikaa wima, mikono magotini, kama watoto wa Komunyo ya Kwanza.

"Tungependa, Mheshimiwa," Nurdin akasema. "Ila kanuni ya nne. Asiye na cheti asiguse mkokoteni wala mzigo ulio juu ya mkokoteni. Na wewe kwa sasa uko juu ya mkokoteni. Gudi, nimekosea?"

Wote wakanitazama. Nikafungua kitabu cha kanuni, nikaisoma yote kwa sauti, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu.

"Hajakosea, Mheshimiwa."

"Basi wewe nishushe!"

"Mimi ni msimamizi. Kanuni ya kumi na moja."

Alinitazama kutoka kule juu. Macho yale sikuyapenda. Lakini kanuni aliandika yeye.

Jua lilikuwa linachoma. Ncha ya tai ilikuwa inampiga usoni. Akazungusha shingo, akatafuta kwenye safu, mpaka akamkuta mjomba.

"Mdau namba kumi na saba."

Mjomba akaangalia nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine anaitwa.

"Wewe, mzee. Ndiye uliyesema nipime?"

"Mimi."

Mkurugenzi akameza mate, tukasikia. Wiki zote hizi alipita mbele ya mjomba kila siku pale ofisini, salamu yake ilikuwa kutikisa funguo za gari. Sasa akasema:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, nishushe."

Mjomba akaja taratibu. Hakuugusa mkokoteni. Akauzunguka, akachungulia ekseli, akaangalia mafundo sita, akatikisa kichwa kidogo kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa mganga mwingine.

"Nikikushusha bila cheti, wangu mnaukata."

"Hatuukati."

"Waraka umesema leo."

"Waraka nimeufuta!"

"Umeufuta lini?"

"Sasa hivi! Nimeufuta sasa hivi!"

"Huku nyuma hatujasikia!" Nurdin akapaza sauti.

"NIMEUFUTA WARAKA!" spika zikapiga kelele, njiwa wakaruka. "Na kanuni ya nne! Na gemu! Chukueni mikokoteni yenu!"

"Yote?" mjomba akauliza.

"Yote!"

"Leo?"

"Leo, mzee, sasa hivi, chukueni, nishushe!"

Viti sitini na viwili viliinuka kwa mkupuo. Vingine vilianguka, hakuna aliyeviokota. Wasukumaji wakaondoka Mnazi Mmoja kama shule imefungwa, Nurdin mbele anaimba, Talha anakimbia, wote wanaelekea Gerezani. Mgambo waliolinda uwanja wa mikokoteni walikuwa wamesikia tangazo wenyewe, kwa redio ya muuza kahawa, maana uzinduzi ulikuwa unatangazwa moja kwa moja. Wenye maduka wakainuka pia, kila mmoja anamwita wa kwake asije akachukuliwa na mwingine.

"Pantaleo!" Bi Hind akaita, anafunga mwavuli. "Marobota yangu ya kwanza, eh? Kabla ya mtu yeyote."

"Ya kwanza, Bi Hind."

Pale kwenye mkokoteni tukabaki watatu. Mkurugenzi juu, mimi na mjomba chini. Na Abdulkadiri, ameshika kiatu, lakini yeye alikuwa anaongea na mke wake kwenye simu.

"Haya, mzee," Mkurugenzi akasema. Sauti ilikuwa imekuwa ya mtu wa kawaida. "Tushuke."

"Huwezi kushuka hivyo," mjomba akamwambia. "Ukifungua mkanda unaanguka kifudifudi. Tukivuta kwa nguvu, mikono ikishuka ghafla inakuvunja magoti. Panatakiwa kitu cha kukupokea hapo chini, kinachofika miguuni kwako, usimame juu yake, ufungue klipu taratibu. Mkokoteni."

"Mkokoteni si huu hapa!"

"Huu ndio umekurusha, baba."

"Wako basi! Kaulete wako!"

"Ndiyo naenda kuuchukua."

"Itachukua muda gani?"

Mjomba akafikiria. Yeye hajibu swali la muda bila kufikiria, wateja wake wanajua.

"Uko chini kabisa, nyuma kabisa. Sitini na miwili imelazwa juu yake. Wenyewe wanachagua, wanakagua, wanagombana, kila mtu atatoa wake kwanza." Akanigeukia mimi, bila hasira hata kidogo. "Mliipanga kwa mpangilio wa kukamatwa, si ndiyo, Gudi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na wangu ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Akaitikia kwa kichwa. Akafunga kifungo cha shati, akatazama jua, akageuka, akaondoka zake kuelekea Gerezani. Hakukimbia.